Shimo Lisilojaa

Nikijumlisha, mwaka ule ulitugharimu beberu mmoja, mkokoteni wangu, kisima chenye maji matamu kuliko vyote upande wetu wa Mida, jozi tatu za ndara, na beseni jeupe la Bi Zena ambalo hadi anaingia kaburini hakukubali lioshewe tena hata kisamvu. Nimejumlisha mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau ndara. Upande wa mapato nimeandika kisima kingine, kazi moja niliyoifanya kwa raha kuliko zote nilizofanya baadaye, na robo kopo ya unga mwekundu ambayo iko juu ya kabati langu la vyombo hivi ninavyoandika, nyuma ya sukari. Kila anayekuja kwangu kunipikia humwambia asije akadhani ni binzari.

Yamenirudia haya mwezi uliopita kwenye arusi mtaa wa Barani, pale Malindi, nilikoalikwa kula nikajikuta nasimamia sinia. Sikuombwa. Mimi nikiona vitu vinapita siwezi kuviacha vipite bure. Sinia arobaini na mbili za biriani zilitoka uani, arobaini na moja zikafika kwa wanawake. Nikarudi mlangoni nikaanza upya, mpishi ananitazama kama mtu wa kodi. “Hesabu tena, Sidi,” ikasema sauti nyuma yangu, “lakini ile moja huipati. Ninayo mimi.” Nikageuka. Katika chumba kidogo cha kuwekea mikeka, juu ya kiti cha plastiki, aliketi mwanamke mzee wa miwani minene, bakora imeegemea ukuta, sinia nzima mbele yake juu ya kigoda. Miaka thelathini na mmoja sikuwa nimemwona. Nikasema, “Shikamoo, Bi Swafiya.” Akasema, “Marahaba. Keti ule, wali haunishindi lakini nyama yanishinda. Halafu uniambie: kopo langu unalo?” Si u hali gani, si umejaaliwa wangapi. Kopo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, au kumi na tisa. Cheti kinasema hivi na mama alisema vile, kwa hiyo hicho ndicho kitu pekee ambacho kukihesabu mara mbili hakujanisaidia. Nilipanga chumba kwa Bi Zena, mjane mwenye shamba la minazi chini kidogo ya Gede, kwenye mteremko unaoshukia mkono wa bahari wa Mida. Chumba cha mawe ya matumbawe, chokaa inayokuachia alama mgongoni ukiegemea, kitanda cha kamba, msumari mmoja wa kanga zangu mbili, na dirisha linalotazama kisima. Kisima ndicho kilichonileta. Nilichota maji, nikayapakia kwenye mkokoteni mitungi kumi na miwili kwa safari, nikayasukuma hadi Gede kuyauza. Kila mtungi wa tano ulikuwa wa Bi Zena. Nilimwomba uwe wa sita. Alinijibu kwamba mtungi wa sita uko, ila uko kwenye kisima cha mtu mwingine. Asubuhi tulikula mahamri yake na mbaazi za nazi, jioni nikasonga wari wangu, ugali wa kwetu, na mutsunga. “Mboga hiyo chungu hata mbuzi wangu wanaikataa,” alisema kila siku bila kuchoka. “Mbuzi wako wamelelewa vibaya, Bi Zena,” nilimjibu kila siku, naye akanyoosha mkono akamega tonge.

Sasa lazima nieleze habari ya mashimo, maana asiye wa kwetu hataelewa kwa nini tulimla yule beberu kwa furaha. Kwetu udongo ni dhiraa moja, chini yake ni mwamba wa matumbawe. Mchimba shimo la choo hulipwa kwa futi, na kila futi ni jasho. Lakini ikitokea mtaimbo umezama ghafla, upepo wa baridi ukapanda kutoka chini ukampiga usoni, basi shimo limepata mwanya, na mwenye shimo huchinja mbuzi. Shimo lenye mwanya halijai. Utalitumia wewe, watalitumia wanao, na gari la kunyonya choo halitajua njia ya kwako. Basi mwaka ule Bwana Fumo, aliyekuwa akijenga nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili ng'ambo ya barabara, alimpa kazi Kahindi, fundi wa mashimo, na Kahindi alipofika futi ya kumi na nne akapiga kelele kutoka ndani. Tulikimbia wote. Bwana Fumo akaagiza pipa la maji, likamwagwa shimoni, tukanyamaza tukisikiliza. Maji yaligugumia kidogo, kisha kimya.

“Yamekwenda wapi?” akauliza Bi Zena, kanga puani.

“Baharini,” akasema Bwana Fumo.

“Una hakika?”

“Kwani huko chini kuna pengine pa kwenda, Bi Zena?”

Hapo mbuzi akachinjwa. Mimi nilikula vipande saba. Kahindi tisa, maana ndiye mwenye siku. Kutoka shimo lile hadi kisima chetu ni hatua mia tatu na kumi na mbili. Nilizihesabu baadaye. Siku ile hakuna aliyehesabu hatua, hata mimi, na hilo ndilo jambo ninalojilaumu nalo zaidi ya yote.

Wageni wakaja, vyumba vikajaa, mvua ya masika ikapita, na matumbo yakaanza kuvuruga watu. Yalilaumiwa maembe, wakalaumiwa nzi, akalaumiwa mwuza samaki mmoja mpaka akahama kijiwe. Mimi mwenyewe niliugua mara mbili nikalaumu mahamri, jambo ambalo Bi Zena hakunisamehe kwa wiki nzima. Ndipo mradi wa maji ukamleta Bi Swafiya, akapanga chumba cha upande wa kulia, mkabala na changu. Wakati huo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtu wa Lamu, mwembamba, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi, na masanduku matatu ya vyombo vya kupimia. Alihitaji mtu wa kumsaidia. Tulipatana barazani.

“Unajua kuhesabu?” akaniuliza.

“Unataka mara ngapi?”

Akacheka kidogo. “Nitakulipa kwa wiki.”

“Kwa kisima.”

“Visima ni kumi na kimoja, Sidi. Na kila kimoja nataka kipimwe mara nyingi.”

“Ndiyo maana nimesema kwa kisima. Pamoja na chai.”

“Chai ni yangu,” akasema Bi Zena kutoka jikoni. “Msiuziane chai yangu nami nasikia.”

Kazi yenyewe, ukiitazama kwa mbali, ilikuwa ya kichaa. Nilipaka chaki utepe wa chuma, nikauteremsha kisimani, nikauvuta juu na kusoma pale chaki ilipolowa. Kisha kisima cha pili, cha tatu, hadi cha kumi na moja, halafu narudi cha kwanza, kutwa, huku maji ya Mida yakijaa na kupwa. Ndara zilikwisha kwa safari hizo. Bi Swafiya alichora namba zangu kwenye karatasi za mirabamiraba, na polepole likaonekana jambo ambalo mimi, niliyechota pale kila siku, sikuwahi kulijua: visima vyetu vilikuwa na tabia. Vingine Mida ikijaa navyo vinapanda papo hapo, kama vimeitwa. Hivyo tuliviita vya haraka. Vingine vilijivuta, vikapanda kidole kimoja baada ya saa nyingi, vikiwa vimekwisha kusahau vilikuwa vinapandia nini. Kisima cha Bi Zena kilikuwa cha haraka kuliko vyote, na yeye alijivunia kama mtoto aliyeshinda mashindano. Cha mwisho kabisa kwa uvivu kilikuwa kile kizee cha nyuma ya zizi la mbuzi, kilichofukiwa nusu, ambacho marehemu mumewe alikiacha kwa sababu maji yake yalikuwa na ladha ya chokaa. “Hicho hata usikipime,” aliniambia. “Kitatuaibisha.”

Jioni Bi Swafiya alitueleza. Alikuwa amesomea ng'ambo, nchi ambako zamani sana barafu ililala juu ya ardhi, nene kama milima, ikasagasaga kila kitu na ilipoyeyuka ikaacha udongo mgumu, mzito, ambao wakulima wa huko waliapa kwamba maji hayapenyi.

“Barafu,” akasema Bi Zena, mwiko mkononi. “Kama ile ya kuuzia samaki?”

“Kama hiyo, ila kubwa kuliko Malindi nzima.”

“Nani aliiweka?”

“Mungu, Bi Zena.”

“Basi alikuwa na sababu. Endelea.”

Akaendelea. Udongo ule uliokuwa ukisifiwa kuwa haupitishi kitu ulikuwa umejaa nyufa, nyembamba kama unywele, na maji machafu ya mashamba yalishuka kwa nyufa hizo hadi kwenye maji ya kunywa. Hakuna aliyejua mpaka walipomwaga rangi juu na kuisubiri chini. “Udongo ukiutazama unasema uongo,” alisema. “Na mwamba vilevile. Usiuulize mwamba. Yaulize maji.” Nilipenda maneno yale. Mimi pia sikuwahi kumwamini mwuzaji, nilitazama mzani.

Basi tukajiandaa kuyauliza. Tulikwenda kwanza timbo la mawe, Bi Swafiya na dira yake, tukapima nyufa zilizoonekana kwenye ukuta uliokatwa, moja moja, mia moja na sita, na nyingi sana zilielekea upande mmoja, kama watu waliopanga safu. Kisha akatoa vifuko vya kitambaa chepesi, ndani mkaa maalumu wa vifuu vya nazi, ambao hunasa rangi hata ikiwa kidogo kiasi ambacho jicho halioni. Nikatundika viwili kila kisima kwa uzi mrefu: ishirini na viwili. Kesho yake nikazunguka kuvikagua. Ishirini na vitatu. Nikarudia. Ishirini na vitatu. Kwenye kisima cha Bi Zena vilining'inia vitatu, na cha tatu kilishonwa vizuri kuliko vyetu, kwa uzi mweusi. Bi Swafiya alikitazama, akakinusa. Kilinuka ubani na habasoda.

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba kijiji kizima kilituona tukitundika hirizi visimani, kikakaa kimya kwa heshima, kikingoja kuona tunamroga nani. Bi Zena peke yake ndiye aliyechukua hatua. Bi Swafiya akakirudisha kifuko kile majini, taratibu. “Hiki si changu,” aliniambia. “Mwenyewe anakihitaji. Kiandike: vyetu viwili, vya mwenye nyumba kimoja.” Nikakiandika. Kwa mwezi mzima daftari la mradi wa maji lilikuwa na safu ya hirizi.

Siku ya kumwaga rangi kwenye shimo la Bwana Fumo, alikuja mwenyewe, amevaa kanzu ya Ijumaa. Aliona ni sherehe ya shimo lake. Unga ulikuwa mwekundu kama matofali, lakini Bi Swafiya alipoukoroga kwenye pipa ukageuka kijani kinachong'aa, kijani ambacho sijakiona kwenye jani lolote. Watu wakaguna. “Mwaga,” akasema Bwana Fumo kwa ukarimu. “Mwaga yote. Wavuvi wa Watamu watadhani bahari imeoza.” Bi Swafiya akatuambia huenda ikatokea baada ya siku kadhaa, huenda wiki, huenda tusiione kabisa. Kazi yangu mpya ilikuwa kila jua likichomoza kuchota maji ya kila kisima, nikiyatazama ndani ya beseni jeupe.

Asubuhi ya tatu niliamka mapema kuliko kawaida, kwa sababu mkahawa mmoja wa Gede uliagiza maji ya arusi. Nilichota kukiwa bado hakujapambazuka vizuri, nikajaza mitungi kumi. Jua lilipotoa jicho nikakumbuka beseni. Nikateka ndoo, nikamimina.

Ilikuwa kijani. Si sana. Kiasi cha mtu kujiambia ni macho. Nikamwaga, nikateka tena, nikamimina. Kijani.

Nitasema kweli, maana Bi Zena hayupo kunisuta na Bi Swafiya nimeshamwambia. Nilisimama pale peke yangu, Bi Zena ndani anasoma nyiradi, Bi Swafiya amelala, na hesabu yangu ya kwanza haikuwa njema. Mitungi ile ilikuwa ya plastiki ya njano. Ndani ya mtungi wa njano hakuna jicho litakaloona kijani. Rangi ingepita kwa siku mbili tatu. Vile vifuko viwili vingeweza kukatika uzi, uzi hukatika. Bila kisima kile sikuwa na maji ya kuuza, bila maji ya kuuza sikuwa na chumba, na bila chumba nilikuwa msichana mwenye kanga mbili na mkokoteni mtupu. Nikaanza kuhesabu watakaokunywa, ili nijiridhishe kwamba si wengi. Mkahawa. Nyumba ya fundi cherehani. Mke wa Kahindi, aliyekuwa na mimba na tumbo lilikwisha kumlaza mara moja. Bwana Fumo mwenyewe, mteja wangu mkubwa, mitungi minne kila siku. Arusi. Nilipofika sitini na kitu nikajua kwamba hesabu hii sitaweza kuirudia mara ya pili.

Nikafungua mitungi mmoja mmoja nikaimwaga yote kumi pale uani. Jua likapiga lile dimbwi na ua mzima ukawaka kijani, kuku wakarudi nyuma. Bi Zena akatoka na tasbihi mkononi.

“Sidi. Umemwaga nini uani kwangu?”

“Choo cha Bwana Fumo, Bi Zena.”

Alitazama dimbwi, akatazama kisima, akaketi kwenye ngazi. Ndilo jambo pekee la huzuni nililonalo la mwaka ule: Bi Zena kunyamaza. Bi Swafiya alitoka na nywele hazijafungwa, akachota mwenyewe, akatia maji kwenye chupa, akaandika saa. Kisha akaketi karibu na Bi Zena. “Rangi haina neno,” alimwambia. “Neno ni kile kilichosafiri pamoja nayo.”

“Nimekunywa?”

“Sote tumekunywa.”

“Basi hirizi yangu imefanya kazi,” akasema Bi Zena. “Nilimwomba Mungu anionyeshe mbaya wangu ni nani. Mwiteni Fumo.”

Bwana Fumo alikuja, akainama juu ya beseni, mikono nyuma. Alikuwa mtu mwenye akili ya biashara, nami niliona hesabu ikipita usoni mwake hatua kwa hatua. “Ina maana mitungi yangu minne…” alianza. “Ulikuwa ukinunua maji yako mwenyewe,” nikamwambia, “tena nilikupunguzia bei.” Kahindi, aliyekuja nyuma yake na mtaimbo begani, hakuuliza habari ya maji. Aliuliza kama mbuzi anarudishwa. “Nimekula vipande tisa,” alisema, “na ninyi nyote mlikuwepo. Mkinidai mimi, tudaiane wote.” Mtu mmoja akaanza kucheka, nadhani ni Bi Zena, na kicheko kikaenda hadi barabarani.

Kisima kile tulikifunika, kikabaki cha kufulia mikeka. Nikauza mkokoteni. Lakini Bi Swafiya alikuwa na karatasi zake. Alilaza mstari wa nyufa za timbo juu ya ramani ya visima: shimo la Fumo na kisima chetu vilikaa sawia kwenye mstari mmoja, na vile vyote vya haraka viliandamana nao. Kile kizee cha nyuma ya zizi kilikuwa kando, mbali na safu, kivivu, kisichoitika bahari ikikiita. Vifuko vyake vya mkaa tukaviloweka ndani ya chupa ya dawa ya Bi Swafiya yenye spiriti, tukangoja, kisha tukaitazama juani kama imegeuka kijani. Maji meupe. Tukaviweka vingine, wiki nne. Meupe. Uvivu ule uliotuaibisha ndio uliotuokoa: maji yalipita kwenye mchanga na mawe yaliyobanana, tone kwa tone, hayakuwa na njia ya mkato.

Kukifukua kulichukua siku tisa, na sijawahi kuwa na siku tisa kama zile. Kahindi alichimba bure, akasema ni malipo ya vipande vyake. Wanawake wa pande zote mbili za barabara walipokezana ndoo za tope, wengine wakiimba, wengine wakimtania Bwana Fumo aliyevua kanzu akavuta kamba kama kibarua. Alikwisha kuagiza tangi la saruji lisilovuja, lenye sakafu, nalo sasa lingejaa kila baada ya miezi kadhaa, na kila likijaa Bi Zena alimpelekea salamu za pole. Siku maji yalipotulia tulikula wali wa nazi barazani, mimi, Bi Zena, Bi Swafiya, Kahindi na mkewe ambaye miezi miwili baadaye alijifungua salama. Ladha ya chokaa ilikuwepo. “Nimeizoea,” akasema Bi Zena kwenye bakuli la kwanza. Kifuko chake chenye uzi mweusi akakihamishia huko. Bi Swafiya alipoondoka alinipa kopo lenye mabaki ya ule unga mwekundu na maneno machache: “Siku moja mtu atakuambia shimo lake halijai. Usibishane naye.”

Kule arusini Barani nilimwambia Bi Swafiya kopo ninalo, kavu. Akafurahi kama nimemrudishia mtoto. Tukamaliza ile sinia wawili, nami nikaenda kumwambia mpishi hesabu yake imetimia.

Mimi sasa ni mtu wa kukaa, na visima nimewaachia wengine, ila kile kizee bado kinanywesha nyumba arobaini kila mifereji inapokauka, na inakauka mara kwa mara. Juzi simu ikalia. Alikuwa Karisa, mume wa binti yangu Dama, kijana mwenye adabu, wamepata kiwanja juu kidogo ya zizi la zamani. “Shikamoo mama. Nipe hongera. Fundi amepiga futi ya kumi na mbili, pakatoboka, upepo wa baridi. Halijai, mama. Nimenunua mbuzi, Jumamosi tunakungoja.” Nikasema hongera. Nikakata simu, nikaenda kwa miguu hadi pale, nikahesabu kutoka shimo lake hadi kisimani, kwenda na kurudi: mia mbili na arobaini, mia mbili na arobaini.

Huenda mwanya wake unaelekea kwingine. Huenda ni ule mvivu. Kwa kutazama hujui. Kopo liko tayari, lakini kwetu mkwe ni mtu wa heshima. Hata mkeka mmoja hatuketi, nami sijui mama mkwe gani aliwahi kumwendea mkwewe na kopo mkononi kumwomba ruhusa ya choo. Nikinyamaza, huenda nimewanywesha watu wa nyumba arobaini maji ya choo. Nikisema, nimemvunja uso kijana siku ya sherehe yake, mbele ya mke wake, mwanangu. Nimepima huku na huku mara mbili na mizani haijalala. Basi wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, nishauri, na unishauri upesi, maana Jumamosi ni keshokutwa: kwanza mbuzi, au kwanza kopo?